Imbeni Beti Zote

Mashabiki wa mugithi wa Thika na Ruiru wamegawanyika makundi mawili, na mzozo wao umeanza kuwa mkali. Kundi la kwanza linasema mwanamuziki aachwe apige nyimbo zilezile alizopiga wiki jana na wiki juzi, maana ndizo zinazowainua watu vitini. Kundi la pili linasema limechoka. Kiingilio kimepanda, nyama imepanda, nauli ya usiku imepanda, ila nyimbo ni zilezile na zinafuatana vilevile. Mimi niko kundi la pili na sitafunika kombe ili mwanaharamu apite. Anayewatoza watu pesa waje kusikiliza muziki wa jukwaani, kisha akawapa vipande vilevile kwa mpangilio uleule usiku baada ya usiku, anawapunja. Na wanaopunjwa si waliolipa mlangoni peke yao. Wanapunjwa pia waliozitunga nyimbo hizo, ambao wengi wao wako makaburini. Wanapunjwa vijana wetu, ambao wanakua wakidhani muziki mzima wa Mlima Kenya ni viitikio vichache vya kuchezea.

Kwa msomaji aliye mbali, nieleze kidogo. Mugithi ni burudani ya mtu mmoja na gitaa lake. Anaimba Kikuyu zaidi, anachanganya na Kiswahili na Kiingereza, na nyuma yake mashine inapiga ngoma. Wachezaji hushikana mabega na kuzunguka ukumbi mstari mmoja kama mabehewa ya treni. Mtindo huu ulishika kasi miaka ya 1990, uchumi ulipodorora. Wenye baa walipiga hesabu wakaona bendi ya watu sita au saba, yenye mpiga besi, mpiga ngoma, waitikiaji na gari la kubebea vyombo, ni mzigo mzito. Mtu mmoja angefanya kazi hiyo kwa ujira wa mtu mmoja. Bendi zikaanza kufifia, wapigaji wengi wakakosa kazi, na mwenye gitaa akabaki peke yake jukwaani akiwa amebeba mzigo wa wote. Kwa hilo simlaumu. Alirithi kazi ngumu, na alipoifanya vizuri aliyafanya maisha ya watu wengi yavumilike katika miaka mibaya.

Lawama yangu inahusu anachokifanya sasa. Nenda baa ya nyama choma kando ya barabara kuu ya Thika, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu unusu usiku. Jukwaa ni mbao zilizoinuliwa futi moja kutoka sakafuni, na spika mbili zimesimama pembeni. Mwanamuziki anafungua kwa wimbo wa Joseph Kamaru. Anaimba ubeti wa kwanza, kiitikio mara mbili, na kabla kisa hakijapiga hatua anarukia wimbo wa John De'Mathew. Ubeti mmoja. Anaingia kwa mtunzi Queen Jane, kiitikio tu. Anadaka pambio la kanisani ambalo kila mtu analijua tangu shule ya Jumapili. Mashine ya ngoma haijanyamaza hata mara moja. Mstari wa wachezaji unazunguka meza, unapita karibu na jiko la nyama, unarudi. Robo saa imekwisha, nyimbo nane zimeguswa, na hakuna hata mmoja uliofika mwisho.

Mzee mmoja mwenye koti na kofia anainua mkono. Anaomba ule wa Kamaru urudiwe, uimbwe wote. "Guka, huo ni mrefu," mwimbaji anamjibu kwenye maikrofoni, akimwita babu kwa Kikuyu, "watu watakaa chini." Ukumbi unacheka. Mzee anarudi kwenye bakuli lake la supu.

Mimi sikucheka. Mzee yule alilipa kiingilio kama sisi wengine. Aliomba kitu kilichokuwa tayari mdomoni mwa mwimbaji dakika kumi tu zilizopita, akajibiwa kwamba hamu yake ya kusikia wimbo hadi mwisho ni kero kwa wenzake. Lile jibu ndilo ugonjwa ninaouzungumzia. Mwimbaji ameacha kuamini kwamba wimbo unaweza kusikilizwa. Anaamini wimbo ni wa kuchezewa tu, na kwa kuwa wa kuchezewa hauhitaji zaidi ya ubeti mmoja, hana haja ya kujua nyingine.

Mtazameni Kamaru mwenyewe, maana ndiye anayekatwa zaidi. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akafariki Oktoba 3, 2018. Katika siku zake za mwanzo aliimba na dada yake, Catherine Muthoni. Wimbo wake wa miaka ya 1960 kuhusu mwalimu na msichana wa shule uliwachoma walimu hadi wakatishia kugoma. Machi 1975, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa. Wananchi wengi walilizungumzia jambo hilo kwa kunong'ona, lakini Kamaru aliliimba, likatoka kwenye santuri na watu wakalisikia madukani na majumbani. Huyu alikuwa mtu wa kusimulia. Ubeti wake wa kwanza ulitandika mkeka tu, na jambo lenyewe lilikuja kwenye ubeti wa tatu, wa nne, wa tano. Ndipo palipokuwa na onyo, jina la mkosaji, kilio na fumbo lililowafanya wakubwa wakune vichwa.

Sasa nijibuni. Wimbo wa aina hiyo ukikatwa baada ya ubeti wa kwanza, kinachobaki ni nini? Unabaki mdundo. Inabaki sauti tamu isiyosema kitu. Serikali zilizomkasirikia Kamaru hazikufanikiwa kumnyamazisha, lakini mugithi wa siku hizi unamnyamazisha kila Ijumaa, mbele ya watu wanaompenda, na wanaunyamazisha ujumbe wake huku wakipiga makofi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waimbaji hawahawa wanajua kumaliza wimbo. Subiri wafike kwenye muziki wa kantri, ambao kwetu una wapenzi wengi kuliko mgeni anavyoweza kufikiri. Jim Reeves, Mmarekani aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, anaimbiwa Thika kwa heshima zote: mashine ya ngoma inapunguzwa, sauti inatulizwa, mwanzo hadi mwisho. Kenny Rogers akiimbiwa kile kisa chake cha mcheza karata, kisa kinafika tamati na hakuna anayekaa chini kwa hasira. Msikilizaji wa Ruiru anavumilia hadithi ndefu ya mtu wa Texas, kisha anaambiwa hawezi kuvumilia hadithi ya mtu wa Kangema, mwendo wa saa chache kutoka kwake, tena kwa lugha ya mama yake. Huko ni kujidharau, na kumekaa katikati ya sebule yetu kwa muda mrefu hadi tumekuzoea.

Tumefikaje hapa? Kwanza kuna barabara. Novemba 9, 2012, Rais Mwai Kibaki aliifungua barabara kuu ya Thika ikiwa na njia nyingi na madaraja ya juu. Ilileta maendeleo, nani abishe? Lakini pia ilibadilisha usiku wa mwanamuziki. Zamani alifika mahali pamoja akashinda hapo hadi majogoo. Sasa anaanza Ruiru saa mbili, anaruka Juja saa nne, na saa sita unusu yuko Thika, maana usiku gari linatumia nusu saa tu. Kila kituo anapewa dakika arobaini au saa moja. Mtu wa ratiba kama hiyo hawezi kuwa na orodha tatu tofauti. Anakuwa na moja aliyoikariri mikononi, anaishusha Ruiru, anaishusha Juja, anaishusha Thika, kisha analala. Shabiki anayemfuata kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa mapenzi yake anasikia usiku mmoja mara tatu, na kila mara analipa.

Pili kuna noti. Mwenye noti kubwa ndiye anayepanga nyimbo. Anainuka mezani, anaziweka pesa kwenye mfuko wa shati la mwimbaji au juu ya spika, na jina lake linaingizwa ndani ya wimbo. Hatukatai kutuza. Mcheza kwao hutuzwa, na ni desturi nzuri ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri kwenye taarabu. Tatizo ni pale kutuza kunapogeuka usukani. Wimbo wa mwisho wa usiku unaamuliwa na mwanasiasa wa mtaa au mwenye mradi wa ploti, ambaye naye anaomba ule wimbo anaoomba siku zote, kwa sababu ndio ambao jina lake linaingia vizuri. Wengine mia mbili ukumbini wanakuwa mapambo ya sherehe yake.

Tatu kuna sisi. Mwaka 1993 Kamaru aliokoka, akaacha nyimbo za dunia na kugeukia injili. Wengi wa mashabiki wake hawakumfuata. Sisemi walikosea kupenda nyimbo zake za zamani. Nasema mwanamuziki yeyote aliyeona yaliyompata mkongwe yule alijifunza kwamba shabiki hasamehi anayebadilisha orodha. Tuliwatisha, wakatishika. Tukiwalaumu leo kwa kurudia, tukubali pia kwamba tulikuwa tukiwazomea walipojaribu jipya.

Nimesikia utetezi wa upande wa pili, na nitaujibu, maana wanaoutoa ni marafiki na majirani zangu.

Wanasema mteja ni mfalme, na mteja anataka anachokijua. Naam, lakini mteja anakijua kwa sababu ndicho pekee anachopigiwa. Kijana wa mtaa wa Kimbo, Ruiru, aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hakuzaliwa na nyimbo kumi na tano kichwani. Tulimpa sisi, kisha tukasema ni chaguo lake. Mpe miezi sita ya nyimbo nyingine, ukaone kama hatazijua na kuziimba kuliko wewe.

Wanasema nyimbo kamili zinavunja mstari wa wachezaji. Si kweli. Watu huzunguka ukumbi kwa mwendo wa ngoma, na ngoma haina habari kama mwimbaji yuko ubeti wa kwanza au wa sita. Anayekaa chini amekaa kwa sababu mwimbaji amesahau maneno akaanza kumung'unya. Asingesahau, angekaa nani?

Wanasema gitaa ni moja na mtu ni mmoja, asiombwe makubwa. Hapa ndipo hoja inapojinyonga yenyewe. Bendi ya watu saba ikitaka kuongeza wimbo lazima watu saba wakutane, wafanye mazoezi, wakubaliane. Mtu mmoja anaweza kujifunza wimbo mpya Jumanne asubuhi akiwa kitandani na akaupiga Ijumaa. Kuwa peke yake ni uhuru mkubwa kuliko ambao bendi yoyote iliwahi kuwa nao, na ameutumia kufanya machache kuliko bendi.

Wanasema rekodi za zamani hazipatikani. Mjukuu wa Kamaru, mwanamuziki anayejulikana kwa jina la KMRU na anayeishi Berlin, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake. Mtu aliye Ujerumani, anayepiga muziki wa aina tofauti kabisa, ameona nyimbo zile zinastahili kutunzwa. Aliye Thika, anayepata mkate wake kwa nyimbo hizo, anashindwaje kuzisikiliza hadi mwisho?

Na wanasema nyimbo mpya hazilipi. Mwimbaji Samidoh alianza katika jukwaa hilihili la gitaa, na nyimbo zake mwenyewe ndizo zilizompa jina na kumfikisha hadi Marekani kuwaimbia Wakenya wa huko. Hakuna aliyemlipia tiketi ya ndege kwa kukata Kamaru vipande.

Huko kwingine duniani mashabiki wanagombana kwa jambo hilihili, na wasanii wakubwa wameonyesha kwamba kubadilisha orodha kunawezekana. Mwaka 2023 Metallica, bendi ya roki ya Marekani ambayo wanamuziki wake wako katika umri wa miaka 60 hivi, ilianza ziara ya viwanjani mjini Amsterdam. Waliahidi kwamba katika kila mji watapiga usiku mbili, na wimbo uliopigwa usiku wa kwanza hautarudiwa usiku wa pili. Viwanja vikajaa. Mwaka huohuo Bruce Springsteen, ambaye miaka mingi aliwazoesha mashabiki kuinua mabango ya kuomba nyimbo naye akazipiga palepale, aliingia barabarani na orodha isiyobadilika sana. Mashabiki wake wa tangu zamani wakalalamika wazi. Hawakuacha kumpenda, ila walidai haki yao. Hakuna aliyewaambia kwamba kudai wimbo ni kukosa adabu.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari. Dar es Salaam, bendi ya DDC Mlimani Park, wana Sikinde, ilipoundwa mwaka 1978 ilishindana na bendi ya Msondo kwa nyimbo mpya. Wimbo ulitungwa, ukafanyiwa mazoezi mchana, ukaletwa ukumbini usiku ukiwa bado mbichi, watu wakaucheza na kuupima. Ulipokomaa ndipo ukapelekwa Radio Tanzania kurekodiwa. Shabiki alikwenda dansini akijua anaweza kusikia leo kitu ambacho redio itakipiga mwezi ujao. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kutoka nyumbani. Sababu yetu ya kutoka nyumbani ni ipi, ikiwa tunachokwenda kusikia tunacho tayari kwenye simu, tena kikiwa kizima?

Sasa nije kwenye pesa, kwa sababu hapa ndipo orodha inapoacha kuwa suala la ladha na kuwa suala la haki.

Usiku wa Agosti 18, 2019, John De'Mathew, mwana wa Gatanga, alikufa katika ajali ya barabarani hapa Thika, karibu na hoteli ya Blue Post. Alikuwa akitoka kwenye harambee ya kumchangia mwanamuziki mwenzake, Peter Kigia. Soma tena sentensi hiyo. Mtunzi mashuhuri alikufa akitoka kumchangia mtunzi mashuhuri mwingine, katika mji ambao nyimbo za wote wawili zinapigwa kila wikendi na wenye baa wanauzia bia. Muziki ungekuwa unawalipa waliouandika, harambee ile ingekuwa ya nini?

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Queen Jane alifariki Juni 2010, kwa hiyo nyimbo alizotunga zinalindwa hadi mwisho wa 2060. Za Kamaru ni hadi mwisho wa 2068. Za De'Mathew ni hadi mwisho wa 2069. Mtoto anayezaliwa leo katika hospitali ya Thika atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na nyimbo hizi zitakuwa bado ni mali ya familia za hao watunzi. Baa inayopigisha muziki hadharani inatakiwa kulipa leseni, na pesa hizo zinatakiwa kuwafikia wenye nyimbo. Tunajua vuta nikuvute iliyokuwepo kwa miaka kati ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na chama cha kukusanya mirabaha cha MCSK kuhusu leseni, na jinsi ilivyofika mahakamani. Wakubwa wanapigana, nyasi zinaumia.

Lakini hata siku wakubwa watakapopatana, kutabaki swali ambalo hakuna afisa anayeweza kulijibu: usiku wa Ijumaa, katika baa ile ya Ruiru, ni nyimbo za nani zilizopigwa? Hakuna aliyeandika. Mwimbaji hakutaja jina la mtunzi. Amechanganya vipande vinane ndani ya robo saa, na yeye mwenyewe pengine hajui viwili kati ya hivyo vilitungwa na nani. Katika vurugu hiyo utamlipa nani? Mseto wa vipande unamfuta mtunzi mara mbili: kwanza unafuta maneno yake, kisha unafuta jina lake. Wimbo ulioimbwa wote na kutajwa mtunzi wake unaweza kuhesabika. Kipande kilichopita kama upepo hakihesabiki.

Kuna walioachwa nje kabisa. Ukisimama Thika siku isiyo na ukungu unauona mlima wa Kilimambogo upande wa mashariki. Kutoka huko alitokea Kakai Kilonzo, aliyeunda bendi ya Kilimambogo Brothers, akaimba benga kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na nchi nzima ikamsikia kabla hajafariki mwaka 1987. Huyu ni jirani yetu wa mlango kwa mlango. Ni mara ngapi umesikia wimbo wake ukipigwa jukwaani Thika? Na msiniambie wasikilizaji wote hapa ni wa lugha moja. Sensa ya 2019 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Watu hao wametoka kila kona ya nchi, wamepanga vyumba Kimbo, Kihunguro na Githurai, na Ijumaa wanaingia baa zilezile. Mji mkubwa kiasi hicho unapewa orodha ya nyimbo ya kijiji kimoja na ya miaka michache. Ni aibu.

Mgala muue na haki umpe. Mwanamuziki wa mugithi analipwa kidogo, analala mchana, anaendesha gari usiku kwenye barabara iliyomwua mwenzake, na mara nyingi anadaiwa awe mwimbaji, mshereheshaji na mchekeshaji kwa bei moja. Anayemlipa kwa dakika arobaini asitarajie usiku mzima wa fikra. Kwa hiyo madai yangu hayamwendei yeye peke yake.

Kwa mwenye baa: mlipe mwimbaji mmoja usiku mzima badala ya watatu wa kupita njia. Ukipata anayejua nyimbo mia moja, mpe pesa zaidi ya anayejua kumi na tano, na bandika jina lake mlangoni. Lipa leseni yako, na udai orodha ya nyimbo zilizopigwa kama unavyodai risiti ya kreti za bia.

Kwa mwimbaji: andika orodha yako. Karatasi moja, jina la wimbo, jina la mtunzi. Ukiiandika utaona kwa macho yako jinsi ilivyo fupi, na utaona haya kuirudia wiki ijayo. Kabla ya kuimba, taja aliyetunga. Katika kila saa ya kazi yako, walau wimbo mmoja ufike mwisho, mashine ya ngoma ikiwa imezimwa kama ikibidi. Na kila mwezi leta wimbo wako mwenyewe, hata kama ukumbi utanuna mara ya kwanza. Hao unaowaiga nao walinuniwa.

Kwa chama na kwa bodi: tokeni ofisini mje barabara kuu ya Thika siku ya Ijumaa. Huku ndiko muziki unakoliwa. Kazi ya kujua ni nyimbo za nani zinapigwa haifanyiki Nairobi mchana.

Na kwako wewe shabiki, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko hao wote. Noti yako ndiyo iliyoharibu orodha, na noti yako ndiyo itakayoitengeneza. Usiitoe ili jina lako litiwe ndani ya kiitikio. Itoe wimbo ukiisha, na wimbo ukikatwa irudishe mfukoni. Mzee akiomba beti zote, msimcheke. Simameni naye. Akiambiwa wimbo ni mrefu, mjibuni kwa sauti moja kwamba mlilipa kiingilio chote, si robo ya kiingilio. Mwimbaji atakayekataa kuimba beti zote akiwa ameombwa na ukumbi mzima hastahili kupanda jukwaa la Thika wala la Ruiru, na Ijumaa inayofuata pesa zenu ziende kwa anayezijua.